Boma, Ugo na Lupango

Mwanafunzi wa Lubumbashi akitoka masomoni husema anarudi katika lupango. Mwenzake wa Rutshuru, ambaye kwao husema Kinyarwanda, hurudi mu rugo. Mwanamke wa Unguja hupika uani. Mkulima wa Zambia mwenye shauri na Serikali huenda boma. Watu hao wanne hawajuani, na kila mmoja atumia neno la kwao. Lakini maneno yote manne yalianza na kitu kimoja: miti iliyosimamishwa katika udongo, mmoja kando ya mwenzake, ikafungwa kwa kamba. Miti yenyewe ilikwisha kuliwa na mchwa zamani. Maneno yamebaki.

Wasomaji wapenzi, tuyatazame maneno hayo, kwa maana ndani yake mna habari za wazee wetu ambazo hakuna karani aliyeziandika. Tuanze na boma, kwa sababu ndilo linalosingiziwa kuliko yote.

Katika nchi za jirani zilizotawaliwa na Waingereza wako watu wengi, hata wenye elimu, wanaoeleza kwamba boma si neno la Kiafrika hata kidogo. Wasema ni herufi nne tu, kila moja mwanzo wa neno la Kiingereza, na ya kuwa wakubwa wa kizungu waliziandika juu ya milango ya ofisi zao. Maelezo hayo yapendeza, kama yapendezavyo maelezo yote mafupi, lakini ni uongo, na kuyakanusha si kazi. Stanley alipochapisha habari za safari yake ya kumtafuta Livingstone, mwaka 1872, aliandika boma mara nyingi. Alilisikia kwa wapagazi na Wangwana aliosafiri nao. Siku zile hapakuwa na bwana mkubwa Mwingereza Unyamwezi wala Ujiji. Waingereza walianza kuitawala Uganda mwaka 1894, na nchi iitwayo leo Kenya mwaka 1895. Tena yuko Krapf, mmisioni Mprotestanti aliyefika Mombasa mwaka 1844. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, naye mwenyewe amekwisha kufa, na boma limo. Tippu Tip, aliyekufa Unguja mwaka 1905, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili safi, na kila afikapo penye vita hutaja boma. Je, Tippu Tip alifundishwa Kiswahili katika ofisi ya Waingereza?

Sisi wa Kongo tunalo jambo letu la kuangalia, ndilo mji wa Boma, ulio karibu na mahali mto unapoingia baharini, uliokuwa makao makuu ya Serikali ya Leopold tangu mwaka 1886. Mji ule haukupewa jina na Waswahili. Kapiteni Tuckey, Mwingereza, alipanda mto mwaka 1816 akaandika jina lake Embomma, miaka mingi kabla ya misafara ya pwani kufika Manyema. Jina ni la Bakongo wenyewe. Linafanana na letu kwa sauti tu, kama watu wawili wanaoitwa Petro wasiokuwa ndugu.

Basi, boma la kweli lilikuwaje? Wanaume walikwenda porini kukata magogo ya mti mgumu, marefu kuliko kimo cha mtu. Walichimba mtaro kuuzunguka mji, wakasimamisha magogo ndani yake bega kwa bega, wakashindilia udongo kwa miguu na kwa mipini. Halafu walifunga fito za kukingama, kwa kamba za magome, ili gogo moja likisukumwa lishikwe na yote. Penye bunduki waliacha matundu ya kupenyeza mtutu. Mlango ulikuwa mdogo, mtu huingia ameinama, na anayeinama hawezi kupiga mkuki. Usiku walikingamisha magogo mazito kwa ndani. Nje walitupa miiba, na miji mikubwa iliongeza handaki. Katika Januari 1867 Livingstone alifika kwa Chitapangwa, sultani mkuu wa Babemba, akaona boma la safu tatu, na ile ya ndani ina handaki pana na kichaka cha miiba kilichopandwa kusudi.

Hesabu magogo ya mji mmoja, kisha fikiri shoka dogo la chuma cha kienyeji! Kazi ile haikwisha hata boma lilipokwisha, kwa sababu mti huoza pale unapogusana na udongo, na mchwa hawachagui mti wa sultani. Kila baada ya miaka kadhaa magogo yalipaswa kubadilishwa, au mji wote kuhama.

Wako wanaodhani kwamba wazee wetu waliishi hivyo tangu Adamu. Sivyo. Miji yenye boma ilikuwako tangu zamani, lakini katika karne ya 19 maboma yalizidi sana katika nchi zote za kandokando ya Tanganyika, kwa sababu bunduki zilizidi, na misafara iliyotafuta pembe na watumwa ilizidi. Watu waliokaa wametawanyika, kila ukoo penye mashamba yake, waliona kwamba aliye peke yake huchukuliwa. Wakakusanyika. Boma ni woga uliosimamishwa wima. Yeyote asomaye katika vitabu vya safari sifa za maboma makubwa akumbuke kwamba hakuna aliyeyajenga kwa furaha. Tena lililinda kwa gharama. Maji yalikuwa nje, mashamba yalikuwa nje, kuni zilikuwa nje, na wanaokwenda maji, mashamba na kuni ni wanawake na watoto. Wengi walikamatwa hapo, kati ya mlango na kisima. Na mwenye mlango alipata nguvu ambayo masultani wa kale hawakuwa nayo, maana yeye huamua nani alale ndani.

Je, boma lilizuia kweli? Mara lilizuia, mara halikuzuia. Nsama, sultani wa Itawa, alikuwa na sifa ya kutoshindika, akakaa ndani ya mji mkubwa wenye maboma na watu wengi wa mishale. Mwaka 1867 Tippu Tip aliingia kwa bunduki zake akamshinda, na kwa sababu ya vita ile Livingstone alikaa zaidi ya miezi mitatu akingoja njia ifunguke. Lakini Mirambo wa Unyamwezi alilitumia boma kwa akili nyingine. Katika Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walishambulia mji wake wa Wilyankuru. Wakaingia, wakafurahi, wakajitwika pembe na mateka. Mirambo alikuwa amekwisha kutoka kwa mlango mwingine, akalala na watu wake katika majani kando ya njia, akawaua walipokuwa wakirudi na mizigo. Wale walikuwa wamelishinda boma, hawakumshinda mwenye boma.

Huko Katanga, Bunkeya kwa Msiri, wazungu waliofika waliona mafuvu ya watu yamevikwa juu ya ncha za miti. Miti ile haikuwa kinga tena, ilikuwa tisho. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, kwa risasi ya Kapiteni Bodson wa msafara wa Stairs.

Katika nchi yetu ya ziwa, siku za mwisho za maboma ya vita ni zile za Rumaliza wa Ujiji. Mapadri Weupe walikuwa wamekwisha kupokea Mpala mwaka 1885, na watu waliokimbia watumwa walikusanyika huko na Kibanga. Kapiteni Joubert alifika mwaka 1887 kuwalinda. Mwishoni mwa 1891 Kapiteni Jacques alianzisha Albertville, iitwayo leo Kalemie, na mwaka 1892 watu wa Rumaliza wakaja wakajenga boma lao karibu na ngome yake ili kumfungia njia. Msomaji atambue ufundi huo: boma lilikuwa silaha ya kushambulia pia. Jeshi huingia katika nchi ya adui, hukata miti, na asubuhi adui huona mji ambao jana haukuwako. Hivyo ndivyo Rumaliza alivyopigana na askari wa Serikali hata mwisho. Lakini katika Januari 1894 kombora la mzinga wa Krupp liliangukia ndani ya boma lake, baruti ikashika moto, miti na nyumba za majani zikawaka pamoja, na watu wengi walikufa wakitafuta kutoka kwa milango ile ile myembamba iliyotengenezwa ili adui asiingie. Baada ya siku chache maboma mengine yakasalimu. Mbele ya mzinga, gogo gumu ni kuni tu.

Boma moja la miaka ile halikuwa la vita, nalo lastahili kukumbukwa. Livingstone alipokufa kwa sultani Chitambo, mwanzoni mwa Mei 1873, watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliazimu kuupeleka mwili wake pwani. Walijenga kibanda kisicho na paa ili jua liingie, wakakizungushia miti mirefu yenye nguvu wanyama wasifike, wakautia mwili chumvi wakaukausha siku 14. Kisha waliuchukua mabegani hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na mwili ukapokewa katika misioni ya mapadri wa Roho Mtakatifu. Watu walioijua miti kama kinga ya walio hai waliipanda kumlinda marehemu.

Vita vilipokwisha, wanavijiji waliacha kusimamisha magogo, lakini neno halikufa. Lilihamia kwa watawala. Wadachi katika Tanganyika walijenga vituo vyao na kuvizungushia kinga, na watu wakaviita boma, kwa kuwa ndilo neno walilokuwa nalo kwa mahali penye bunduki na mlango unaolindwa. Baadaye Wadachi walijenga kwa mawe, neno likabaki. Waingereza walipochukua nchi ile walirithi majengo pamoja na jina lake. Leo Malawi na Zambia, mji mdogo wenye ofisi ya wilaya huitwa boma, hata kama hauna ua wa miti hata mmoja. Basi wale wanaosema kwamba neno lilitoka ofisini wameanzia mwisho wa safari. Sisi hapa Kongo hatukuifuata njia hiyo. Watu walisema posti, na Serikali yenyewe waliiita Bula Matari, mvunja mawe, ambalo lilikuwa jina la Stanley. Na kaskazini, upande wa Uele, misafara haikutoka Unguja bali Khartoum, ikaleta neno lake, zeriba. Kwa Kiarabu ni zizi la mifugo lililozungushiwa miiba. Wafanyabiashara wa pembe waliita hivyo vituo vyao, hata Schweinfurth, Mdachi aliyefika kwa Munza, mfalme wa Wamangbetu, mwaka 1870, alisafiri toka zeriba hata zeriba.

Sasa tuondoke penye baruti, twende penye neno la amani. Kiswahili kinalo neno ugo. Siku hizi halisikiki sana, maana watu husema ua, uzio au wigo. Lakini limo katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, katika Matayo sura ya 21, penye mwenye shamba la mizabibu aliyelizungushia ugo. Ugo huo ni ndugu wa rugo wa Rwanda na Burundi, na wataalamu wa lugha wanalihesabu kati ya maneno ya kale sana ya Kibantu. Pwani neno limebaki katika miti tu. Kwetu upande wa milima limeingia ndani ya nyumba: rugo ni ua, tena ni watu wote waliomo, baba, mama, watoto, na ng'ombe wakiwapo. Serikali za nchi zile zikihesabu watu huhesabu ingo, yaani nyua. Na kijana anayeoa, Kinyarwanda husema gushinga urugo, maana yake kusimika ua. Ndoa yenyewe imepata jina kwa kazi ya kupanda miti! Tena pwani, kwa adabu, mtu anayekwenda chooni husema anakwenda uani. Neno moja la miti lachukua harusi, jingine lachukua haja. Hakuna kilicho kikubwa au kidogo mno kwake.

Rugo ya kale haikujengwa kwa magogo makavu kama boma. Walipanda matawi mabichi ya muvumu, mti wa jamii ya mtini ambao gome lake lilitoa nguo. Tawi likisimikwa hutoa mizizi, na ua hukua mwaka hata mwaka badala ya kuoza. Au walipanda minyaa, yenye utomvu mweupe ambao hata mbuzi huuepuka. Mtoto akiuvunja hufundishwa mapema asijipanguse macho, maana utomvu ule waweza kuyaharibu. Kati ya matawi walisuka fito na matete. Huko Buganda matete yalikuwa ufundi mkubwa. Speke alipofika kwa Mutesa mwaka 1862 aliona kilima chote cha mfalme kimejaa nyua ndefu za matete ya rangi ya manjano, na ua wa namna hiyo, ekisaakaate, hata leo ni jina la makao ya mtu mkubwa pamoja na vijana wanaolelewa humo.

Tukirudi Kongo, lupango ndilo neno la miji yetu. Watu wa Kasayi husema lupangu, wa Kinshasa husema lopango, na wote wanamaanisha kiwanja kilichozungushiwa pamoja na nyumba zilizomo. Bakongo nao walikuwa na lumbu, ua wa mfalme kule Mbanza Kongo. Hata wazungu walipita njia hiyo hiyo. Mdachi husema Zaun kwa ua wa miti. Mflamandi, kwa neno lililozaliwa tumbo moja na hilo, husema tuin, naye anamaanisha bustani. Na Mwingereza husema town, naye anamaanisha mji. Ndugu watatu: mmoja alibaki na miti, wa pili alichukua mboga, wa tatu alichukua watu. Na masista wanaoishi katika kile ambacho Wafaransa huita clôture wanajua kwamba neno lile la ukuta na kufunga limekuwa jina la maisha yao yote.

Lakini lupango lina shida ambayo maneno mengine hayana. Kwa desturi ya wazee, mtu aliyepewa mahali na mwenye nchi, akasimika miti yake, amepata. Miti ndiyo ushahidi wake, na jirani aliyeiona ikisimikwa ndiye karatasi yake. Sheria haisemi hivyo. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja chake huonyeshwa kwa cheti kilichoandikwa katika daftari la mhifadhi wa viwanja. Ukuta, hata wa matofali, hata wenye vigae vya chupa juu yake, haufanyi neno mbele ya hakimu. Jamaa wengi wamekaa miaka mingi ndani ya ua walioupanda baba zao, wakasema „lupango letu” bila wasiwasi, hata siku alipokuja mgeni mwenye cheti. Hapo ndipo lugha mbili zinapogongana: ile ya miti na ile ya daftari. Anayesoma maneno haya na ana ua wa baba yake, aulize leo kama cheti kipo, tena kwa jina la nani, wakati wazee walioona miti ikisimikwa wangali hai.

Huko Rwanda wana neno ikigabiro. Ni mahali palipokuwa na makao ya mfalme zamani. Nyumba za majani zilianguka, watu walihama, mfalme alikufa. Lakini miti mibichi ya ua wake ilikuwa imeshika mizizi, na hakuna aliyethubutu kuikata. Ikakua. Msafiri akipita leo aona juu ya kilima mivumu mikubwa imesimama, vigogo vyake vinene kuliko mikono ya watu wawili kuzunguka, na ng'ombe wakipumzika kivulini. Wenyeji wakiulizwa hutaja jina la mfalme aliyekaa pale.